Milimani, Migosi, Nyalenda au ghorofani: mtu akae wapi Kisumu?

Dadangu mdogo amehamishwa. Amefundisha Nakuru miaka tisa, na sasa barua imekuja ikimtaka aripoti Kisumu muhula ujao. Swali lake la kwanza halikuhusu shule yenyewe, wala joto, wala mbu. "Nikae mtaa gani?" Nikamtajia minne kwa pumzi moja. Akaniambia hiyo ni orodha, si jibu. Yeye anataka tofauti.

Riziki yangu ni kuchora ramani za nyumba, zile karatasi zinazopelekwa kaunti kutafutiwa kibali, na nimeishi katika mitatu kati ya hiyo minne. Nilipokaa kumwandikia nikaona kwamba bei ya kodi na idadi ya vyumba havitoshi kumweleza. Mitaa ya Kisumu haifanani kwa sababu haikuzaliwa na wazo moja. Kila mmoja una babu yake, mtu aliyekaa mbali, mara nyingi asiyewahi kuliona ziwa hili, akawaza jinsi binadamu anavyopaswa kupangwa mjini. Mawazo hayo yakasafiri kwa meli, kwa reli na kwa mikopo ya benki, na kufika hapa mengine yamekatwa miguu, mengine yameongezwa mkia. Anayelipa kodi ndiye anayekaa ndani ya kilichobaki.

Haya ndiyo niliyomwandikia, nikitoa mambo ya kifamilia.

Milimani

Ukiwa na pesa, kila mtu atakuambia Milimani, nami sipingi. Kuna miti mikubwa, ua wa kayaba, na upepo wa ziwa unaokufanya usahau feni. Mabomba ya maji taka yapo, jambo ambalo mgeni huliona la kawaida mpaka atembee mitaa isiyo nayo.

Babu wa mitaa ya aina hii ni Ebenezer Howard, karani wa London aliyekuwa akinukuu mijadala ya bunge kwa hati mkato. Mwaka 1898 alipendekeza mji wa bustani: watu 32,000, ekari 1,000 za mji zilizozungukwa na ekari 5,000 za mashamba, viwanda pembeni, na reli ya kuuunganisha na miji mingine. Letchworth, kaskazini mwa London, ulianza kujengwa 1903 kwa kufuata wazo hilo. Watu wakisikia bustani huwaza maua, lakini uti wa mgongo wa Howard ulikuwa ardhi. Alitaka ardhi yote iwe mali ya jamii, wakaaji walipe kodi ya kiwanja, na thamani inapopanda faida irudi kwenye barabara, shule na matunzo ya wazee. Letchworth mpaka leo ina taasisi inayomiliki mali hiyo na kurudisha mapato kwa mji.

Sisi tuliletewa maua, mizizi ikaachwa Uingereza. Kilichofuatana na maua kilikuwa kitu kingine kabisa. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilimleta Profesa William Simpson, daktari wa afya ya umma, akague usafi wa miji ya Afrika Mashariki, naye akapendekeza kila rangi ikae mtaa wake na pengo la ardhi tupu liwatenganishe. Hoja yake ilikuwa magonjwa. Kisumu, iliyofikiwa na reli Desemba 1901 ikiitwa Port Florence, ikakua kwa sura hiyo: Mzungu juu penye upepo, Mhindi chini penye maduka, Mwafrika nje ya mpaka. Sikwambii uone haya kukaa Milimani. Nakwambia tu ujue kwa nini ploti ni kubwa na kwa nini duka liko mbali.

Maana hilo la duka ndilo litakalokusumbua kila siku. Kiberiti kikiisha ni safari. Mtaa ulitengwa kuwa wa makazi, na anayetaka kufungua biashara lazima aombe kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi. Mwenye gari na msaidizi wa nyumbani hatalihisi. Mwalimu anayetoka shule saa kumi na moja jioni, akakumbuka njiani kwamba hana nyanya, atalihisi siku ya kwanza.

Na Milimani yenyewe inageuka. Bangalo moja linabomolewa, mahali pake panasimama jengo la familia ishirini, na zote zinavuta maji kwenye bomba lililolazwa kwa ajili ya familia moja na bustani yake. Nimechora majengo ya namna hiyo, kwa hivyo nasema nikijua: ramani huonyesha tangi, haionyeshi maji. Ukienda kutazama nyumba, usidanganywe na mfereji wa chini pale karibu na geti. Panda juu kabisa, fungua wa jikoni, tena saa kumi na mbili unusu asubuhi kila mtu akiwa bafuni.

Ghorofani

Nilikaa ghorofa ya sita miaka miwili. Jengo lenyewe na mwenyewe sitawataja. Lifti ilifanya kazi miezi minne ya kwanza, ikapumzika, ikafufuka wiki moja kabla ya Krismasi, kisha ikawa stoo ya mifagio. Pampu nayo ilikuwa na siku zake. Kulikuwa na kijana aliyetubebea mitungi ya lita 20 na bei yake ilipanda pamoja na ngazi: ghorofa ya pili bei moja, ya nne bei nyingine, ya sita unaanza kwa kumwita "baba" na kumuuliza hali ya nyumbani. Siku moja aliketi ngazi ya tano, mtungi katikati ya miguu, akaniuliza kwa dhati kabisa, "Kwani nyinyi mlikimbia nini huko chini?"

Swali hilo lingemfaa Le Corbusier, msanifu aliyezaliwa Uswisi na kufanya kazi Ufaransa. Huyo aliikimbia barabara. Aliona mtaa wa zamani, wenye watu, mikokoteni, maduka na moshi, kuwa ugonjwa unaotaka upasuaji. Mwaka 1925 alionyesha mchoro wa kubomoa kipande kikubwa cha katikati ya Paris na kusimamisha minara 18 ya ghorofa 60 katikati ya nyasi. Paris ilikataa. Mwaka 1933 yeye na wasanifu wenzake walikutana melini, safarini kutoka Marseille kwenda Athens, wakakubaliana kwamba mji una kazi nne: kukaa, kufanya kazi, kupumzika na kusafiri, na kila moja itengewe eneo lake. Ukiona mtaa mzima wa kulala usio na hata kibanda cha sukuma, unaona mabaki ya mazungumzo ya melini. Brasília, mji mkuu wa Brazili uliofunguliwa Aprili 1960, ulijengwa karibu wote kwa imani hiyo, na hata wanaoupenda hukiri kwamba kutembea kwa miguu pale ni adhabu.

Mfano ambao wanafunzi wa mipango miji hupewa ili waogope maghorofa ni Pruitt-Igoe, mtaa wa majengo 33 ya ghorofa 11 mjini St. Louis, Marekani, uliomalizika miaka ya 1950 na kuanza kulipuliwa 1972. Mimi sikubaliani na wanaosema urefu ndio uliouua. Lifti zake zilisimama ghorofa ya kwanza, ya nne, ya saba na ya kumi pekee, ili kubana matumizi. Matengenezo yalilipwa kwa kodi ya wapangaji. Wapangaji walipopungua pesa zikapungua, pesa zilipopungua lifti zikafa, na lifti zilipokufa wapangaji wengine wakahama. Hesabu hiyo haina Marekani wala Kisumu.

Jambo hili linatuhusu kwa sababu mitaa ya zamani ya manispaa inabomolewa kupisha maghorofa ya nyumba za bei nafuu. Hapa Kisumu ni Makasembo. Kule Nakuru dadangu ameyaona ya Bondeni yakipanda. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu nyumba za ghorofa imerahisisha mtu kupata hati ya nyumba yake mwenyewe juu huko, na hilo ni jema. Lakini ukinunua ghorofani umenunua pia theluthi ya pampu, robo ya lifti na ugomvi mzima wa kamati. Kabla ya kuuliza vyumba vingapi, uliza ada ya huduma hukusanywa na nani, mwezi uliopita walilipa wangapi, na pampu ikiharibika Jumamosi usiku nani anapigiwa simu. Wakikujibu kwa majina, kaa. Wakikujibu kwa "usijali", ondoka.

Kijana asiye na familia, anayefanya kazi katikati ya mji, ghorofa itamfaa sana: usalama upo, soja yuko getini, na kufagia uwanja si kazi yake. Mwenye mtoto wa miaka sita ni habari nyingine. Ukiwa ghorofa ya sita huwezi kumwita mtoto aliye chini. Unaweza kumwona tu, akifanya asilopaswa kufanya.

Migosi

Kama ningekuwa na pesa za kununua leo, pesa za kawaida za mfanyakazi mwenye mkopo wa sacco, ningetafuta Migosi. Nalisema mapema ili ujue nimeegemea wapi.

Mtaa huu una babu wawili. Wa kwanza ni Clarence Perry, Mmarekani, aliyeeleza mwaka 1929 wazo la kitongoji: weka shule ya msingi katikati, pima kama mita 400 kila upande, na hakikisha mtoto yeyote anafika darasani kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa. Magari yapitayo yabaki pembeni. Maduka yakae kwenye pembe, mahali vitongoji vinapokutana. Mpango mkuu wa Nairobi wa 1948 uliandikwa kwa lugha hiyo ya vitongoji. Ni wazo dogo, la mzazi, na kati ya mawazo yote ya mabwana hawa ndilo ninaloliheshimu zaidi, kwa sababu linaanza na miguu ya mtoto badala ya jicho la mtu aliye juu ya ndege.

Wa pili ni John Turner, msanifu Mwingereza aliyekwenda Peru miaka ya 1950. Pembezoni mwa Lima aliwaona watu wakijijengea: leo mkeka, mwakani tofali, mwaka wa tatu bati, mtoto akioa wanapandisha chumba juu. Serikali iliita hali hiyo janga; Turner akaiona kuwa suluhisho linalojijenga taratibu. Alisema nyumba ipimwe kwa inachomfanyia mkaaji, isipimwe kwa sura yake. Benki ya Dunia ikalichukua wazo hilo miaka ya 1970 na kuligeuza mradi: serikali ipime ploti, ivute maji, ichimbe mitaro, iweke barabara, pengine na choo au chumba kimoja cha kuanzia, kisha mwenye ploti ajenge kwa kasi ya mfuko wake. Dandora ya Nairobi ndiyo maarufu zaidi, ploti kama 6,000. Kisumu tulipata Migosi.

Ukiingia Migosi leo utaona mkono wa mpimaji. Barabara zimenyooka, ploti ni ndogo na zinafanana ukubwa, kila moja inagusa njia. Lakini hakuna nyumba mbili zinazofanana, maana kila mwenye ploti alijenga kwa mfuko wake. Hii ina ghorofa tatu za vyumba vya kupangisha, ile imebaki na mwembe na mzee anayesoma gazeti la jana. Mbele ya nyingine pametobolewa dirisha pakawa duka. Kondele na stendi yake haiko mbali.

Kasoro ipo, tena kubwa. Miradi hii ilikusudiwa watu wa kipato cha chini, ila ploti yenye maji na barabara ni ndizi mbivu mbele ya tumbili. Kila mahali ilipojaribiwa, wenye shida waliuza, wenye pesa wakanunua, na vyumba vikapandishwa mpaka mabomba yakazidiwa. Dandora ni hadithi hiyo kwa sauti kubwa. Migosi ni kwa sauti ya chini.

Ukitaka kununua, fanya sachi kwenye ofisi ya ardhi kwanza, uone hati ni ya umiliki wa kudumu au ya kukodishwa na miaka mingapi imebaki. Kisha tafuta ramani ya mtaa na uende nayo kwa miguu. Palipoandikwa uwanja wa kuchezea, simama pale uangalie kama bado ni uwanja. Usipouona, fahamu kwamba jirani yako mmoja amejenga juu yake, na hujui bado ni yupi.

Nyalenda na Manyatta

Fanya hivi: saa kumi na mbili jioni toka Milimani kwa miguu, uvuke Ring Road. Ni hatua chache tu. Nyuma yako kuna ukuta, geti jeusi na soja anayesikiliza redio. Mbele yako kuna mama aliyepanga omena kwenye beseni la plastiki, kikombe cha bati kikiwa kipimo, taa ya sola imening'inizwa kwenye mwavuli. Kando yake kuna kinyozi, kibanda cha M-Pesa, na fundi cherehani anayeshona sare huku mteja akimsubiri amevaa leso. Mtoto ametumwa chumvi ya shilingi tano na anajua asipite wapi. Kila mtu anamtazama kila mtu. Mgeni akiingia pale na begi, watu kumi watajua kabla hajafika kona.

Jane Jacobs angependa kuketi kwenye kile kiti cha kinyozi. Alikuwa mwandishi wa habari New York, hakuwa na shahada ya mipango miji, na mwaka 1961 aliwageuzia meza wataalamu wote. Alisema usalama wa mtaa huletwa na macho ya watu walio na shughuli zao pale: muuza duka, mama dirishani, mtu anayesubiri basi. Akataja masharti manne: matumizi yachanganywe, vipande vya mtaa viwe vifupi, majengo mazee yabaki kati ya mapya ili wenye pesa kidogo wapate pa kuanzia, na watu wawe wengi. Yeye na majirani zake wakaizuia barabara kuu iliyotaka kupasua Manhattan ya chini. Nyalenda inatimiza masharti yake bila kumsoma.

Jambo moja ambalo Jacobs hakuhitaji kuliandika ni choo. Mtaa wake wa Greenwich Village ulikuwa na mabomba ya maji taka tayari, kwa hivyo angeweza kuzungumza juu ya macho na maduka kwa raha. Sehemu za chini za Nyalenda na Manyatta ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, na maji ya ardhini yako karibu. Choo cha shimo kinajaa upesi, na kisima kilichochimbwa hatua chache kutoka hapo ni hatari. Masika ya 2020 ziwa lilipanda kuliko ilivyowahi kupimwa hadi wakati huo, na watu wa Dunga na maeneo ya chini waliyaona maji yakija bila kubisha hodi.

Usiwaite wakaaji wa Nyalenda wavamizi, kama mgeni kutoka Nairobi anavyopenda kusema. Kibera kwa sehemu kubwa ni ardhi ya serikali. Hapa ardhi ni ya familia. Mji ulipanua mipaka yake mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukavimeza vijiji vilivyouzunguka, na mwenye shamba akaamka yumo manispaa. Badala ya mtama akapanda vyumba. Mara nyingi mwenye ploti anaishi papo hapo, kaburi la babake liko mbele ya safu ya vyumba kumi, na mpangaji anaanika nguo akilizunguka kwa heshima. Hakuna mpimaji aliyepita kwanza. Ndiyo maana njia zinapinda na gari la zimamoto haliingii. Lakini ndiyo maana pia mwenye nyumba anajulikana kwa jina na mlango wake unagongwa usiku.

Maji yalifika kwa njia ambayo hakuna babu yeyote wa Ulaya aliyeiwaza. KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, huuza maji kwa jumla kwa msimamizi wa mtaani, naye huvuta mipira hadi kwa majirani, husoma mita na kukusanya malipo. Mtu wa mtaa anajua nani ameunganisha kwa wizi. Mpango huu ulianza Nyalenda na ndio uliosogeza mfereji karibu na milango mingi.

Ukipanga huku, kodi ni nafuu kuliko popote na mlo uko mlangoni. Chagua sehemu ya juu. Tazama kuta za nje karibu na ardhi: maji huacha mstari, na rangi mpya iliyopakwa mpaka magotini peke yake inakuambia jambo. Uliza choo hunyonywa na nani na gari hupitia wapi. Mtaro ulio mbele ya mlango ukiwa na mimea ndani yake, hautembei.

Mengine, kwa haraka

Katikati ya mji Kisumu kuna nyumba juu ya maduka, nyingi za wafanyabiashara wa Kihindi wa zamani: biashara chini, familia juu. Kwa mpangilio ni nyumba bora kuliko zote hizi. Ni adimu kupata, na saa tatu usiku mtaa unakuwa mtupu.

Riat ni kwa wenye magari. Mandhari yake yatakufanya usaini mkataba siku hiyo hiyo, kisha utagundua maji yanapanda mlima kwa lori. Wazo lililozaa mitaa ya mlimani kama huo ni la Marekani baada ya vita vya pili vya dunia: kila familia na nyumba yake, gari lake na nyasi zake. Linataka petroli ya bei rahisi.

Dadangu aliniuliza kwa nini hakuna kinachofanana na Nakuru yake. Nakuru ya katikati ni gridi ya mji wa reli, barabara zinakatana kama karatasi ya hesabu, na mgeni hapotei. Lakini mji umebanwa: Menengai juu, mbuga na ziwa chini. Ziwa Nakuru lilipofura miaka ya karibuni likaingia mpaka kwenye nyumba za Mwariki. Gridi haikupi habari za ziwa. Hata Kisumu haikupi.

Kipimo nilichotumia

Carlos Moreno, profesa wa Paris, alianza mwaka 2016 kuzungumzia mji wa dakika kumi na tano: kazi, shule, soko, daktari, vyote viwe umbali wa dakika hizo kwa miguu au baiskeli. Wazungu walilishangilia kama jambo jipya. Mimi nililisoma nikicheka kidogo, maana mtu wa Manyatta huenda kwa miguu kila siku, asipotembea ni kwa sababu bodaboda imempunguzia bei. Na neno bodaboda lenyewe limetoka hapa kwetu magharibi, mpakani na Uganda, walikobeba watu kwa baiskeli kutoka boda hadi boda.

Hata hivyo kipimo ni kizuri, nikakitumia. Nilisimama mlango mmoja katika kila mtaa nikatembea dakika kumi na tano, nikihesabu: mboga, shule ya msingi, zahanati, M-Pesa, kituo cha matatu, mahali pa mtoto kucheza. Nyalenda nilipata vyote isipokuwa pa kuchezea. Migosi nilipata vyote sita. Ghorofani ilitegemea kabisa kilicho nje ya geti, jengo lenyewe halikuchangia chochote. Milimani nilipata viwili, na kimoja kilikuwa hoteli yenye bembea ambayo lazima ununue soda kwanza.

Tangu Africities, mkutano wa miji ya Afrika uliofanyika hapa Mei 2022, mji umepata njia nzuri za miguu katikati, na hilo limebadilisha hesabu kwa anayefanya kazi huko. Kwenye mitaa, bado unatembea ukiisikiliza pikipiki iliyo nyuma yako.

Alichochagua

Alikuja Jumamosi na watoto. Tulizunguka tangu asubuhi. Migosi aliipenda, lakini nyumba iliyokuwa wazi ilikuwa ya vyumba vitatu na kodi ilimzidi. Ile ya vyumba viwili mwenyewe alitaka miezi mitatu kabla ya kuingia. Ghorofani alifika ya tatu akageuka, mtoto mdogo akiwa mgongoni. Nyalenda ya juu alipata nyumba safi, akaipiga picha, akakaa kimya muda mrefu mbele ya mtaro.

Mwishoni alichukua flati ya ghorofa ya kwanza upande wa Milimani, pembeni kabisa, geti linatazama Ring Road. Nikamwambia amelala kwa Howard na anapika kwa Jacobs. Akaniambia nipunguze vitabu. Maji tuliyajaribu Jumapili saa kumi na mbili unusu, yalitoka.

Tatizo ni shule. Aliyoipata ya watoto iko ng'ambo, upande wa Nyalenda, na Ring Road haina huruma saa moja asubuhi: tuktuk, lori la mchanga, bodaboda tatu kwa mpigo. Perry asingeruhusu. Nikamshauri atafute ya upande huu hata kama karo ni juu. Hakunijibu. Jioni alinipigia simu. Pale panapovukiwa kuna mama anayechoma mahindi, yuko pale tangu alfajiri akiuza chai na mandazi kwanza. Dada ameshanunua kwake siku mbili mfululizo, amemwambia majina ya watoto, na mama amesema wakifika wasimame kando ya jiko lake, wasivuke mpaka aweke koleo chini.